Je, Wajua Kwa Nini Mashua ya Wawindaji Bata wa New Jersey Ina Umbo la Kijiko?

Katika ghuba ya Barnegat, kwenye pwani ya jimbo la New Jersey nchini Marekani, kuna mashua ndogo ya mbao ambayo ukiikuta imefudikizwa bandani utadhani ni kijiko kikubwa kilichokatwa mpini. Urefu wake wa kawaida ni futi 12, yaani mita 3.6 na ushei, na upana wake futi 4. Wenyeji huiita sneakbox, jina lenye maana ya sanduku la kunyemelea, na kwa karibu miaka 200 imekuwa ikijengwa mabandani na nyuma ya nyumba na watu wanaoitumia kuwindia bata mwitu na bata bukini. Ya kwanza ilijengwa mnamo 1836 na Hazelton Seaman wa kijiji cha West Creek, naye mwenyewe akaipa jina la jeneza la shetani, ila wavuvi na wawindaji wa ghuba wakaiita sneakbox.

Kwa nini umbo hilo, wakati mashua nyingine za uwindaji zina ubavu wa kusimama na omo, yaani sehemu ya mbele, iliyochongoka? Ili kulielewa jibu yafaa kwanza kuitazama ghuba yenyewe. Barnegat imetengwa na bahari kuu na visiwa virefu vyembamba vya mchanga, na kina chake kwa wastani ni mita 1.5 tu, sehemu nyingine maji hayapiti magoti, na kandokando yake kuna vinamasi vya nyasi za maji ya chumvi. Ndege huwasili majira ya vuli wakitoka kaskazini, na uwindaji huendelea hadi katikati ya baridi kali, wakati upepo unapochafua maji na barafu kuanza kuganda. Mwindaji, ambaye aghalabu yuko peke yake, anatakiwa avuke maji ya wazi kabla ya alfajiri, apite mahali penye maji haba, ajifiche asionekane na ndege mwenye macho makali anayetazama kutoka juu, kisha arudi nyumbani jioni hata kama njia aliyojia imeganda.

Umbo la kijiko hujibu haya yote kwa pamoja, na hapo ndipo ninapomvulia kofia aliyelibuni. Kwa kuwa tumbo la mashua ni pana na la mviringo mwepesi, uzito hutandazwa juu ya eneo kubwa na mashua huzama kidogo sana. Kwa kuwa omo haikuchongoka bali inapanda taratibu kama ncha ya kijiko, ikikutana na barafu hupanda juu yake badala ya kukwama, na wajenzi wengi hupigilia vyuma vyembamba chini ya tumbo ili mwindaji ashuke na kuiburuta kama sleji. Juu nako kuna sitaha iliyoinuka kidogo katikati na kuteremka pande zote hadi kukutana na tumbo kwenye ukingo mkali. Ni kana kwamba kijiko kimoja kimefunikwa juu ya kingine. Wimbi likipanda juu ya sitaha humwagika pembeni, na kwa kuwa mashua haina ubavu wa kusimama, kwa mbali huonekana kama tuta dogo la kinamasi. Katikati ya sitaha hiyo kuna tundu ambamo mwindaji hulala chali, kichwa tu kikiinuliwa kidogo, na likifunikwa kwa kifuniko chake mtu anaweza kulala humo usiku kucha.

Sasa, jambo linaloufanya umbo hili la ajabu lijengeke nyumbani na mtu ambaye si fundi wa kuzaliwa ni kwamba mataruma ya tumbo, yaani mbavu za mbao zinazolishikilia, hukatwa kwa kiolezo kimoja. Katika mashua ya kawaida kila taruma lina umbo lake, na mjenzi hulazimika kuchora mistari mingi sakafuni kabla ya kushika msumeno. Hapa huchora tao moja, lile la katikati ya mashua penye upana wote, akalikata kwenye ubao mwembamba na kulitumia kuanzia omo hadi tezi, yaani nyuma. Taruma la katikati huchukua tao zima. Linalofuata, kwa vile mashua imeanza kusinyaa, huchukua sehemu ya kati ya tao hilohilo huku ncha zote mbili zikipunguzwa. La mbele zaidi hupunguzwa zaidi.

Unaweza kulijaribu hili mezani. Chora kwenye kadibodi tao refu kwa kufuata ukingo wa sinia kubwa, ulikate, kisha punguza ncha zake kidogo kidogo kwa usawa. Utaona kwamba kipande kinavyozidi kuwa kifupi ndivyo kinavyokaribia kunyooka, na hivyo ndivyo tumbo la mashua linavyozidi kuwa bapa kuelekea omo bila mjenzi kukisia chochote. Ukivisimamisha vipande hivyo kwa mpangilio, kila kimoja kikiwa juu kidogo kuliko cha nyuma yake, ncha ya kijiko itajitokeza yenyewe mbele ya macho yako. Mihimili ya sitaha nayo hukatwa kwa njia hiyo, kwa kiolezo chake.

Uti wa mgongo ni ubao mpana uliolala, unaoshika nafasi ya mkuku (ule mti mrefu wa chini unaoibeba mashua), nao huinamishwa juu mbele hadi kuifikia sitaha. Kwa hiyo hakuna fashini ya omo, ule mti wa kusimama ambao kuuchonga na kuziba viungo vyake humtoa jasho mjenzi mpya. (Majina haya nimeyaazima kwa mafundi wetu wa majahazi, ingawa katika ujenzi wa kale wa pwani yetu mbao za ubavuni zilitangulia na mataruma yakafuata, na huku Barnegat mataruma ndiyo hutangulia.) Mataruma yakishasimama juu ya ubao huo na kunyooshwa kwa uzi, huja mbao za tumbo, ambazo hupunguzwa upana kuelekea ncha zote mbili na kulainishwa kwa mvuke au maji ya moto ili zikubali kupinda. Kazi hii haifai kuharakishwa: ubao uliolazimishwa hupasuka kwenye msumari, na ufa huo hautaonekana mpaka siku ya kwanza majini.

Mti uliotumika tangu mwanzo ni mwerezi mweupe unaoota kwenye mabwawa ya msitu wa Pine Barrens, jirani kabisa na ghuba. Ni mwepesi, hauozi upesi, na hukatika vizuri kwa zana za mkono. Wepesi huo ulikuwa na maana kubwa, kwani mashua ambayo mtu mmoja hawezi kuiburuta juu ya matope haina kazi kinamasini. Hata bata wa bandia wa eneo hilo, wanaoelezwa majini ili kuwavuta bata halisi, walichongwa kwa mwerezi, vipande viwili vilivyokombwa ndani kisha kuunganishwa, kwa sababu mwindaji alibeba wengi wao kwenye tezi ya mashua ndogo.

Wajenzi wa leo wengi huanza kwa kuuliza kama plaiwudi haitoshi. Plaiwudi hupinda vizuri kuelekea upande mmoja, lakini kijiko hupinda pande mbili kwa wakati mmoja, na bamba la plaiwudi halikubali hilo. Anayelitumia huishia na mashua yenye kona, ambayo huelea lakini hupoteza sehemu ya kile nilichokieleza hapo juu. Njia bora kwa asiyependa kukalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba, ni kupanga vipande vyembamba vya mwerezi, kuviunganisha kwa gundi ya epoksi, kisha kufunika tumbo lote kwa kitambaa cha faibaglasi.

Mambo mengine madogo yamefikiriwa kwa makini vilevile. Vishikizo vya makasia hulazwa chini ili visionekane na ndege. Ubao unaozamishwa majini kuizuia mashua isisukumwe kando na upepo, wakati wa kusafiri kwa tanga, haukai katikati bali upande mmoja, ili usichukue nafasi ya mwili wa mtu aliyelala. Pazia la turubai huinuliwa mbele ya tundu kukinga maji. Nathaniel Bishop alisafiri kwa mashua ya aina hii kati ya 1875 na 1876, kutoka Pittsburgh kuteremka mito ya Ohio na Mississippi na kufuata pwani ya Ghuba ya Meksiko, jumla ya maili 2,600, akilala humohumo.

Wakati huo bata waliuzwa sokoni kwa wingi, na wawindaji wengi waliishi kwa biashara hiyo hadi sheria ya ndege wahamao ya 1918 ilipoikomesha. Leo mwindaji huhitaji leseni na hupangiwa idadi ya ndege kwa siku, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, na mashua hujengwa kwa mapenzi ya kazi yenyewe.

Ninalomsihi anayejenga ni asiipake vanishi. Mbao za mwerezi zilizopigwa msasa zikang'ara hupendeza bandani, lakini mng'ao huo huwaonya ndege kutoka mbali. Rangi inayotakiwa ni ya manyasi makavu, isiyong'aa hata ikilowa. Baada ya rangi hupigiliwa vibao vyembamba kandokando ya sitaha, na ndani ya vibao hivyo huchomekwa nyasi zilizokatwa kwenye kinamasi kilekile atakachojificha mwindaji, kwa kuwa nyasi za ng'ambo ya ghuba zinaweza kuwa na rangi tofauti.