Mlango wa dharura ni mlango gani?

Juzi nilimsindikiza mdogo wangu kutazama ukumbi wa harusi hapa Tanga. Ukumbi ni mzuri, jukwaa pana, dari limezungushiwa vitambaa vyeupe. Pembeni mwa jukwaa, nyuma ya viti vya plastiki vilivyobebanishwa hadi usawa wa kifua changu, nikaona mlango wa chuma umeandikwa kwa rangi nyekundu MLANGO WA DHARURA. Kwenye komeo lake lilining'inia kufuli la ukubwa wa ngumi.

"Shikamoo mzee," nilimwambia mlinzi. "Ufunguo wa mlango ule anao nani?"

"Marahaba mwanangu. Anao tajiri mwenyewe, nyumbani kwake Raskazone. Ukihitajika tunampigia simu."

Mzee yule hakuwa mzembe. Alinieleza utaratibu aliopewa, na naamini siku hiyo ingefika angepiga simu kweli. Lakini toka siku ile neno hili halijanitoka kichwani, kwa sababu naona tumeliacha libaki kuwa maandishi ya rangi tu.

Mlango wa dharura ni njia ya kutokea ambayo mtu yeyote aliye ndani anaweza kuifungua papo hapo, kwa tendo moja, bila ufunguo na bila kuelekezwa. Mtu huyo hajawahi kufika pale. Umeme umekatika, moshi umemwingia machoni, amembeba mtoto, na nyuma yake wapo wengine mia wanamsukuma. Kama mlango haufunguki kwa mtu wa namna hiyo, basi ni mlango wa kawaida uliopewa jina kubwa.

Sisi watu wa pwani tunaijua milango. Ile ya nakshi iliyobaki Pangani na Bagamoyo ina mabamba mawili, mfaa (ubao wa kusimama) katikati, kizingiti cha kuruka, na inafunguka kwa ndani. Kwa nyumba ya mtu ni busara tupu, maana mwenye nyumba akiwa na wasiwasi na aliyebisha anauegemea kwa bega na kuuzuia. Sifa hiyohiyo ndiyo inayoua kwenye jengo la umma. Mlango unaofunguka ndani unamtaka mtu wa kwanza arudi nyuma hatua moja ili auvute. Katika msongamano hatua hiyo haipo. Wa nyuma hawaoni kinachoendelea mbele, wanasukuma tu, na wa mbele anabanwa kwenye mbao akiwa ameshika kitasa mkononi.

Haya yalitokea Sunderland, Uingereza, tarehe 16 Juni 1883, na wala hapakuwa na moto. Watoto walikuwa kwenye maonyesho katika jengo liitwalo Victoria Hall. Mwishoni ikatangazwa kuna zawadi, na watoto wa ghorofani wakateremka mbio wasije wakakosa. Chini ya ngazi palikuwa na mlango unaofunguka upande wao, umepigwa kipingo ukaacha upenyo wa kupita mtoto mmoja mmoja. Walikufa watoto 183. Mtu mmoja mwenye asili ya mji huohuo, Robert Alexander Briggs, ndiye aliyepata hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya komeo la kufunguka kwa kusukumwa, mwaka 1892.

Komeo lile halikuenea haraka. Miaka 11 baadaye, tarehe 30 Desemba 1903, moto ulizuka katika ukumbi wa Iroquois mjini Chicago, jengo jipya ambalo wenyewe walikuwa wakilitangaza kwamba haliwezi kuungua. Waliofariki ni watu wasiopungua 602. Baadhi ya milango ilikuwa imefungwa kwa funguo, mingine ilikuwa na makomeo ambayo wageni hawakujua yanafunguliwaje, na mageti ya chuma kwenye ngazi yalikuwa yamefungwa ili wa viti vya bei ndogo wasihamie kwenye viti vya bei kubwa. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi aitwaye Carl Prinzler alikuwa na tiketi ya onyesho lile. Shughuli za kazi zikamzuia kwenda. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Akamtafuta msanifu Henry DuPont, wakashirikiana na duka alilofanyia kazi Prinzler, la Vonnegut, na mwaka 1908 kifaa chao kikaingia sokoni.

Nitakiita komeo la kusukuma, maana jina hilo linasema kazi yake. Ni ubao au bomba la chuma lililolala kukatisha mlango, usawa wa kiuno. Ukilisukuma, linavuta ndimi za kitasa zitoke kwenye fremu, na kwa kuwa mlango unafunguka kuelekea nje, msukumo uleule unaendelea na kuufungua. Huhitaji kujua lolote. Ukianguka juu yake umefungua. Kiwango kinachotumika Marekani kinataka ulimi wa kitasa uachie kwa nguvu isiyozidi paundi 15, karibu kilo 7, ili hata bibi mzee au mtoto wa shule aweze.

Uzuri wenyewe wa kifaa hiki, na hapa ndipo nilipotaka mwenye ukumbi wetu awepo anisikilize, ni kwamba kwa nje mlango umefungwa kabisa. Hakuna kitasa cha kushika, au kipo cha kufunguliwa kwa ufunguo tu. Mwizi anakuta bamba la chuma, aliye ndani anakuta njia. Kwa hiyo kuchagua kati ya usalama wa mali na usalama wa watu ni kuchagua kusikokuwepo. Tatizo hilo lilitatuliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Najua hofu yao nyingine: wazamiaji. Mmoja anaingia na kadi, kisha anakwenda kuwafungulia wenzake kumi mlango wa nyuma. Kwa hilo pia kuna kifaa, nacho ni kingʼora kidogo kinachofungwa kwenye mlango wenyewe. Mlango ukisukumwa kinalia, na ukumbi mzima unageuka kutazama. Mzamiaji anaumbuka, lakini hakuna aliyezuiwa kutoka.

Siku hizi kuna pia milango inayoshikwa na sumaku ya umeme, ile ya kugusisha kadi kwenye ofisi na mabenki. Hapa swali la kuuliza ni moja: umeme ukikatika, mlango unabaki umefungwa au unaachia? Sumaku ya namna hii inashika kwa sababu umeme unapita. Ukikatwa, nguvu ya kushika inaisha. Ndiyo maana inafaa kuunganishwa na mitambo ya kutambua moshi, ili kingʼora kikilia umeme wa sumaku ukatwe wenyewe na milango iachie. Akiiunganisha fundi asiyejali, mfumo uleule unakuwa gereza.

Mlango unahitaji pia kusema uko wapi. Yule mtu wa kijani anayekimbia kuelekea mlangoni, unayemwona kwenye hoteli na mahospitali, ametoka Japani. Baada ya mioto mikubwa kwenye maduka ya ghorofa katika miaka ya 1970, yaliitishwa mashindano ya kubuni alama ya kutokea, na mchoro uliopatikana ukanyooshwa na mbunifu Yukio Ota. Hauhitaji lugha. Mgeni asiyejua Kiswahili na bibi asiyejua kusoma wanauelewa sawasawa. Ila taa yake lazima iwe na betri yake, hasa kwetu ambako umeme hukatika hata bila moto.

Bweni la shule ndilo linalonisumbua kuliko kumbi zote. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, Kenya, wavulana 67 walikufa bwenini. Moto uliwashwa kwa makusudi, lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa nje na madirisha yalikuwa na nondo. Tunaweka nondo kwa kuwapenda watoto, tunafunga milango usiku kwa kuwalinda. Mzazi anayepeleka mtoto bweni anaangalia godoro, anaangalia choo, anauliza chakula. Mlango wa pili wa bweni nao autembelee, ausukume kwa mkono wake.

Na ukumbini fanya hivyohivyo. Usiulize kama mlango wa dharura upo, maana utajibiwa upo. Uendee, usukume. Angalia kama unafunguka kwa nje, kama nje yake pana uwazi au pamejengwa banda la jenereta. Ukikuta kufuli wakakataa kulitoa, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ndilo lenye kazi ya kukagua majengo, na namba yao ya dharura ni 114.

Kwa upande wetu, mjomba aliposikia habari ya ufunguo wa Raskazone alikataa kulipa salio la ukumbi hadi kufuli litolewe. Mwenye ukumbi alilalamika sana, mwisho akakubali. Siku ya harusi vijana walihamisha vile viti saa tisa alasiri, mlango ukafunguliwa wazi kabla mgeni wa kwanza hajaketi, na binamu yetu mmoja akapewa kiti chake palepale kizingitini. Kufuli lenyewe lilishinda kwenye mkoba wa mama, pamoja na orodha ya michango.