Je, wajua kwa nini picha huingia chenga ikitumwa WhatsApp?

Jua likikaribia kuzama Mwanza, pale ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga hukosi watu wanaosubiriana kupiga picha, na nyuma yao jiwe la Bismarck limesimama juu ya miamba mingine majini. Simu ikiwa nzuri picha inatoka kali kweli: nyufa za jiwe zinaonekana, maji yanametameta, kitenge cha mama kinasomeka ua kwa ua. Halafu inarushwa kwenye grupu la familia. Shangazi aliyeko Sengerema anaifungua, anaikuza kwa vidole viwili amtazame mtoto vizuri, anakuta uso umejaa chenga na maji yamekuwa bapa, rangi moja. Hapo lawama zinaanza. Huyu anasema ni mtandao, yule anasema shangazi anunue simu nyingine.

Mtandao hauna hatia. Ukiwa dhaifu, picha inachelewa au inagoma kabisa, lakini haifiki ikiwa imechuja. Simu ya shangazi nayo isisingiziwe. Picha iliharibiwa na simu ya aliyeituma, sekunde chache kabla haijaondoka Mwanza. Na haiwezi kuwa vinginevyo, kwa sababu tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri ukiwa umefungwa kwa namna ambayo hata kampuni yenyewe haiwezi kuufungua njiani. Kama kuna kubana picha, basi simu ndiyo inabana.

Inabana mara mbili, tena kwa njia mbili tofauti.

Ya kwanza ni kuipunguza vipimo. Simu nyingi za sasa hupiga picha ya megapikseli 12, yaani nukta 4000 kwa upana na 3000 kwa urefu, jumla milioni 12. Ukituma kwa njia ya kawaida, upande mrefu hushushwa hadi kama pikseli (ndizo hizo nukta) 1600. Fanya hesabu: 1600 mara 1200 hazifiki hata milioni mbili. Zaidi ya nukta 8 katika kila 10 zimeshaachwa, na safari haijaanza. Kwenye kioo cha simu hutagundua, maana kioo chenyewe hakina nafasi ya kuonyesha nukta zote milioni 12 kwa pamoja. Utagundua siku ukikuza.

Ya pili ndiyo tamu zaidi, na inahitaji utulivu kidogo. Inaitwa JPEG, kanuni ya kuhifadhi picha iliyopitishwa mwaka 1992 na mpaka leo ndiyo inayobeba picha nyingi duniani. Msingi wake ni udhaifu wa jicho la binadamu. Jicho letu ni kali sana kutofautisha mwanga na giza, lakini kwenye rangi ni vivu. Wahandisi wa televisheni za rangi walilijua hilo tangu miaka ya 1950 na wakalitumia. JPEG nayo hufanya hivyo hivyo: mara nyingi hutunza mwanga wa kila nukta, ila kwa rangi hutunza moja tu kwa kila nukta nne. Robo tatu ya taarifa za rangi zinatupwa na karibu hakuna anayelalamika. Wachache wanaolalamika ni wenye vitenge. Ua dogo jekundu juu ya kijani, lenye kingo kali, ndilo la kwanza kumwaga rangi yake pembeni.

Baada ya hapo picha hukatwa vipande vya mraba, kila kimoja nukta 8 kwa 8, yaani nukta 64. Badala ya kuandika kila nukta ina mwanga kiasi gani, hesabu hukigeuza kipande kuwa mchanganyiko wa mawimbi 64: kuanzia lililotulia kabisa, ambapo kipande chote kina mwanga sawa, hadi linalopanda na kushuka harakaharaka kutoka nukta moja hadi nyingine. Kisha kila wimbi huulizwa lina mchango kiasi gani. Yaliyotulia hutunzwa kwa uangalifu. Yale ya haraka yenye mchango mdogo hukadiriwa kuwa sifuri, na sifuri nyingi zikifuatana haziandikwi moja moja, kwa hiyo hazili nafasi. Faili linanywea hapo.

Aliyependekeza hesabu hii kwa ajili ya picha ni Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore, India, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Kansas State huko Marekani. Mwaka 1972 aliomba fedha za utafiti katika taasisi ya sayansi ya serikali ya nchi hiyo, akanyimwa. Hakuliacha. Yeye na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao wakachapisha kazi hiyo mwaka 1974, na leo kila picha ya harusi inayorushwa kutoka Igoma au Kirumba inapita kwenye hesabu yao.

Sasa rudi ufukweni uone kwa nini picha zetu za ziwa ndizo zinazoumia kuliko nyingine. Maji yanayometameta ni nini, kama si mwanga na giza vinavyopishana harakaharaka kila nukta chache? Ukwaruzo wa granaiti vivyo hivyo, na matete, na nywele zilizosukwa vizuri. Vyote hivyo viko kwenye yale mawimbi ya haraka ambayo hesabu inayaona hayana faida. Picha ya pasipoti yenye pazia la bluu nyuma hubanwa ikabaki ndogo kabisa na sura ikaonekana safi, kwa sababu sehemu kubwa yake imetulia. Ukibana picha ya Bismarck kwa nguvu hiyohiyo, inabidi kitu kitolewe, na kinachotolewa ni jiwe na maji, yaani kile kilichokupeleka pale.

Anga nalo lina shida yake. Machweo ya ziwa yanahama polepole kutoka chungwa hadi zambarau bila mpaka, na kubana kukizidi, mhamo huo unageuka ngazi: ukanda wa chungwa, ukanda wa waridi, kisha vile vimiraba vya 8 kwa 8 vinaanza kuonekana waziwazi. Ukiona vimiraba angani, ujue kamera haina kosa.

Je, ni uonevu? Mimi nasema hapana. Chukua picha 30 za sendofu, kila moja MB 4 ikiwa haijabanwa. Hiyo ni MB 120 kwa kila atakayezipakua, na grupu likiwa na watu 50 mnakaribia MB 6,000 za bando kwa pamoja, wengine wakiwa wamejiunga la siku. Zikibanwa hadi robo ya MB kila moja, mtu anatumia MB 7 na nusu tu. Bibi aliyeko Ukerewe anaona bibi harusi jioni ileile, na simu yake yenye nafasi ndogo haijai. Walioweka mpangilio huo walifikiria watu wa bando, na watu wa bando ndio sisi.

Tatizo ni kwamba tumeifanya WhatsApp kuwa kabati la kumbukumbu za familia. Mpiga picha anatuma, simu inajaa, anafuta zake, maana si zipo kwenye grupu! Kilichopo kwenye grupu ni nakala iliyobanwa. Ni dagaa waliokaushwa: wamekuwa wepesi, wamesafiri hadi mbali, wanaliwa vizuri tu, lakini ukiwarudisha majini hawaogelei. Nukta iliyotupwa haipo tena mahali popote kwenye faili, wala hakuna kitufe cha kuirudisha.

Na kila ukiibana upya unapoteza tena. Kuifowadi ndani ya WhatsApp kwa kawaida hakuna madhara, kwa kuwa faili linalopita ni lilelile. Balaa ni mzunguko huu tunaoupenda: mjomba anapiga skrinishoti ya stetasi, anaikata pembeni, anaongeza maua na maandishi ya heri ya kuzaliwa kwa programu nyingine, anaiweka kwenye stetasi yake, na binamu naye anapiga skrinishoti. Kila hatua ni kubana juu ya kilichobanwa. Ikizunguka mara kadhaa, mwenye sikukuu anatambulika kwa gauni.

Siku hizi wapo wanaokimbilia programu za akili bandia za kung'arisha picha. Zinapendeza, lakini fahamu zinafanya nini. Hazirudishi kope za bibi. Zinabuni kope, kwa kukisia kutokana na nyuso nyingine nyingi zilizofundishiwa. Kwa picha ya mandhari sina ugomvi nazo. Kwa uso wa mtu wa familia, hasa asiyekuwepo tena, mimi siziamini: unapata mzee nadhifu anayefanana na babu, ambaye si babu.

Hasara yenyewe hujitokeza studio, na mara nyingi wakati mbaya. Msiba umetokea usiku, asubuhi inatakiwa picha kubwa ya marehemu iwekwe kwenye fremu. Familia inapekua grupu na kupata picha nzuri ya harusi ambayo marehemu amesimama kwenye mstari na watu wengine tisa. Pikseli 1600 ukizigawa kwa watu kumi, kila mmoja anapata 160 pamoja na mabega yake, na uso wenyewe unaweza kubaki na 60 au 70. Hakuna fundi wa studio, awe hodari namna gani, atakayeutoa uso huo ukiwa safi kwenye karatasi ya A3.

Kipimo chake ni rahisi. Picha iliyochapwa vizuri hutaka nukta kama 300 kwa kila inchi, ingawa 200 na kitu bado zinavumilika. Picha ya WhatsApp ya pikseli 1600 ukiisafisha kwa inchi 4 kwa 6 unapata nukta 266 kwa inchi, na haina neno, weka kwenye albamu. Kwenye A3, yenye upande mrefu wa inchi 16.5, zinabaki 97 tu. Ile ya awali ya pikseli 4000 ingekupa 242. Kabla ya kulipia fremu kubwa, fungua maelezo ya picha kwenye simu uangalie vipimo; ukikuta 1600, agiza ndogo au mtafute aliyepiga.

Kutuma bila kuumiza picha kunawezekana. Kitufe cha HD, kilichokuja WhatsApp mwaka 2023, huacha nukta nyingi zaidi, ingawa bado kinabana. Njia salama ni kuituma kama dokyumenti: hapo simu hailigusi faili, linakwenda jinsi lilivyo, na kikomo ni GB 2. Watu wakiwa chumba kimoja, Quick Share kwenye simu za Android huhamisha picha moja kwa moja kati ya simu bila kula bando hata kidogo, na sijui kwa nini kwenye sherehe zetu haitumiki zaidi. Albamu ya Google Photos nayo inafaa kwa ukoo mzima, ila kumbuka nafasi ya bure ni GB 15 na inagawanywa na barua pepe. Ule ukarimu wa kuweka picha bila kikomo uliisha Juni 2021. Familia yenye mtu mmoja anayepokea faili za awali na kuziweka kwenye diski mbili tofauti inatosha. Si lazima grupu zima lijue haya.

Kuna kingine kinachopotea ambacho hakionekani kwa macho. Kamera ya simu huandika ndani ya faili tarehe, saa, aina ya simu, na kama umeruhusu, hata mahali ulipokuwa umesimama. Ukituma kwa njia ya kawaida WhatsApp huyafuta maelezo hayo. Kwenye simu za Android picha inapata jina jipya, mathalani IMG-20250614-WA0031, na tarehe iliyomo si ya siku picha ilipopigwa, ni ya siku ilipopita WhatsApp. Ndiyo maana picha ya ngoma za Bulabo, sherehe ya Wasukuma pale Bujora, iliyopigwa miaka mingi nyuma, inajipanga kwenye galari katikati ya picha za mwezi huu. Andika mwaka, mahali na majina kwenye maneno ya chini unapotuma, kisha anayehifadhi ayaweke kwenye jina la faili.

Ukituma kama dokyumenti, maelezo hayo yote yanabaki, pamoja na mahali. Kwa ndugu ni neema. Lakini ukiwa unauza kitanda kwa mtu usiyemjua na umekipigia picha chumbani kwako, mtumie kwa njia ya kawaida. Faili la awali linaweza kumwelekeza hadi mlangoni.