Kifua cha mzamiaji hakimkingi mtu Kilimanjaro

Mabarazani Unguja na Pemba husemwa kuwa kijana mwenye kifua, mzamia pweza au mchukuzi wa magunia ya karafuu, hashikwi na maradhi ya mwinuko, yale ya kupanda mlima mrefu upesi kuliko mwili unavyozoea. Si kweli. Mazoezi huipa miguu nguvu. Hayaharakishi mwili kuzoea hewa nyembamba. Tena wenye nguvu ndio hujiponza, maana huenda mbio.

Juu oksijeni ni asilimia 21 ileile ya Forodhani. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa: Kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni kama nusu ya huku pwani, basi na kila pumzi huingiza oksijeni nusu. Mwili hujirekebisha kwa siku, si kwa saa.

Ukishapita mita 3,000, pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku. Njia ya Marangu, mojawapo ya njia za kupandia Kilimanjaro, haikupi nafasi hiyo: vituo vyake vya kulala ni Mandara, kama mita 2,700, Horombo 3,700, Kibo 4,700. Basi lala Horombo siku mbili, hata gharama ikizidi.

Kichwa kikiuma na moyo ukichafuka, usipande. Baki hapo hadi upoe. Mwenzako mtembeze kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, akipayuka, au akihema naye amekaa kitako, mteremshe saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Vidonge vya asetazolamaidi, vya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, kwa ushauri wa daktari, huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Havikupi ruhusa ya kukimbia.

Na aliyezama kwa mtungi Mnemba asubiri saa 24 kabla ya kupanda ndege ya kwenda mlimani.