Eti jua likiwaka ndo theluji iko salama?

Wengi wanadhani ukienda safari ya ski ya siku kadhaa mwezi wa nne, mkilala kwenye vibanda vya mlimani, kibanda hadi kibanda, kama ile Haute Route, njia ya milima ya Alps toka Chamonix, Ufaransa, hadi Zermatt, Uswisi, jua likiwaka ndo salama zaidi. Wapi! Usiku ukiwa hauna mawingu theluji inaganda, asubuhi inabeba mtu vizuri tu, ila jua likishaipiga maji yanapenya ndani, inalegea, na theluji ya mteremko mzima inaweza kuporomoka. Ndo maana watu wanatoka alfajiri bado giza, wanafika kibanda kingine kabla joto halijapanda. Na usiku ukiwa na mawingu theluji haigandi sawasawa, hapo hata kuwahi hakusaidii sana, bora mbaki kibandani tu.