Glukosi na kopo la nguvu havifungui akili

Msimu wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ukikaribia hapa Lamu, wanafunzi hununua glukosi ya unga na vinywaji vya kuongeza nguvu, wakiamini vinafungua akili. Havifungui.

Kweli, ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia, na chakula chake kikuu ni glukosi. Lakini ini la kijana mwenye afya huihifadhi na kuitoa kwenye damu kidogo kidogo, hata akiwa amelala. Unga wa ziada haumwongezei akili.

Kinachonitia hofu zaidi ni kafeini iliyomo kwenye vinywaji hivyo vya nguvu. Huzuia adenosini, kemikali inayouarifu ubongo kwamba umechoka. Uchovu wenyewe hauondoki. Baada ya saa 5 hivi, nusu ya kafeini ingali mwilini, kwa hiyo kopo la saa 3 usiku bado linamsumbua mtoto saa 8 usiku. Na usingizini ndimo ubongo huimarisha aliyoyasoma mchana! Kijana anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10. Aliye na hofu ya mtihani, kafeini humzidishia mapigo ya moyo na mikono kutetemeka.

Wazazi wenzangu, mbaazi za nazi tulizozizoea asubuhi zina protini na nyuzinyuzi, na wanga wake huyeyushwa polepole. Kwa mabinti walioanza hedhi, mbaazi pia huwapa madini ya chuma, ambayo yakipungua umakini hushuka. Wakamulieni ndimu ili chuma kifyonzwe vizuri, na chai isubiri kama saa moja baada ya kula, maana chai huzuia chuma kufyonzwa.