Nani alilipa viatu vya njano?

Kazi yangu ni kusoma miswada ya filamu ya watu wengine na kuwaonesha hadithi inavuja wapi. Mingi inayofika mezani kwangu ni ya shida: mama anaumwa, mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa shule, mwenye nyumba anagonga mlango alfajiri. Sina ugomvi na shida. Ila swali langu la kwanza huwa lile lile, na huwaudhi waandishi: kodi yenyewe shilingi ngapi? Wengi hawana jibu. Wameandika tu "anadaiwa kodi", wakapanga muziki wa huzuni, wakaona kazi imekwisha. Mbele kidogo huyo mpangaji anaiba, au anamuuza rafiki yake, na mimi msomaji sijui nimhurumie au nimlaani, maana sijui alipungukiwa elfu kumi au laki sita.

Filamu iliyonitia tabia hii ya kuuliza bei ni Hyènes, yaani "Fisi", ya Msenegali Djibril Diop Mambéty, iliyotoka mwaka 1992. Mambéty aliichukua hadithi kutoka tamthilia ya Mswisi Friedrich Dürrenmatt ya mwaka 1956, akaihamishia Colobane, jina la mahali alipozaliwa yeye mwenyewe pale Dakar. Nimeitazama mara nyingi kuliko filamu yoyote, na bado kuna sehemu inanikaba koo.

Colobane imefulia. Hata samani za ofisi ya mji zinabebwa kwa sababu ya madeni. Sehemu pekee yenye uhai ni duka la Dramaan Drameh, ambako wanaume wanakuja kupiga kinywaji na soga, na kulipa ni maneno ya baadaye. Dramaan anapendwa. Meya ameshamdokezea kwamba kiti chake kitakuwa cha Dramaan siku moja. Kisha inakuja habari kwamba Linguère Ramatou anarudi, binti wa hapo hapo aliyeondoka zamani kwa aibu, na sasa wanasema ana pesa kuliko Benki ya Dunia. Anashuka kwenye treni akiwa na mguu na mkono wa bandia. Mji mzima umejipanga kumlaki, na Dramaan ndiye aliyetangulizwa mbele kwa sababu waliwahi kupendana.

Ramatou hazunguki. Atawapa bilioni mia moja. Sharti ni moja: Dramaan afe. Ujanani alimpa mimba, akaikana mbele ya hakimu, akawanunua wanaume wawili kwa pombe waje waape kwamba na wao walilala naye. Ramatou akafukuzwa, akaishia kuuza mwili. Hapo ndipo penye bei ya kwanza ya filamu hii, na watazamaji wengi wanaipita bila kuiona: maisha ya msichana yaliuzwa kwa pombe ya watu wawili. Anachofanya Ramatou ni kurudi sokoni pale pale na bei mpya.

Meya anakataa kwa maneno mazito. Sisi ni watu, tuna heshima zetu. Kila mtu anapiga makofi. Kama ingekuwa filamu ya mwandishi mvivu, hapa tungepewa usiku wa mjadala, wazee wakihojiana kuhusu dhamira, kijana mmoja mwema akitoa hotuba. Mambéty anatupeleka dukani.

Dramaan yuko nyuma ya kaunta. Wateja ni wale wale wa siku zote, lakini leo wanataka vya bei ya juu, na wote wanasema aandike. Anaandika. Kisha anatazama chini, anaona miguu. Viatu vipya, vya njano, vimetoka Burkina Faso. Mmoja anavyo. Na yule naye. Dramaan anaanza kuuliza watalipa na nini, na katikati ya swali lake mwenyewe anapata jibu. Hakuna aliyemtishia. Hakuna aliyepiga kura. Bado kila mtu anasema hapana, hatutamuua ndugu yetu, na anasema hivyo akiwa amesimama juu ya viatu ambavyo vinaweza kulipwa kwa njia moja tu.

Huu ndio ufundi ninaoustaajabia. Mkopo unahitaji rehani, na rehani ya Colobane nzima ni shingo ya mtu mmoja. Anayekopa feni anaongeza kidogo uzito upande ule, anayekopa friji anaongeza zaidi, mpaka siku ya kuamua inafika na hakuna tena cha kuamua, hesabu imeshafungwa. Sisi tuna msemo wa kukopa harusi na kulipa matanga. Sijui filamu nyingine iliyouchukua neno kwa neno namna hii, tena bila kuufahamu.

Niliwahi kuionesha kwenye kibanda umiza kimoja cha mtaani kwetu, siku isiyo na mpira. Filamu ni ya Kiwolofu, kwa hiyo nilisimama pembeni ya skrini na maiki nikawa natafsiri papo kwa papo, kama walivyokuwa wakifanya kina Lufufu, wale watafsiri maarufu wa filamu za kigeni, ingawa mimi sina sauti yao wala utani wao. Nusu ya kwanza watu walikuwa wanaongea. Ilipofika pale kwenye viatu, mama mmoja mwenye genge la mbogamboga jirani na kibanda akasema kwa nguvu, "Mwalimu, huyo asiandike tena! Afunge duka!" Nikanyamaza kutafsiri. Hapakuwa na haja. Yule mama ana daftari lake, lile la kurasa zilizojikunja pembe, na anajua siku ambayo mteja anaacha kuogopa deni ni siku ya kumwogopa mteja.

Kuhusu mwisho, nitasema tu namna ulivyopigwa picha. Watu wa Colobane wanakusanyika wakiwa wamevaa magunia ya mchele, wote sare. Mambéty alieleza mwenyewe kwamba wamevaa magunia kwa sababu wana njaa na wako tayari kumla Dramaan, na wamejificha wote kwa sababu hakuna anayetaka kubeba mauaji peke yake. Wanamzunguka, wanasogea, wanambana. Wanapoachana, chini kuna nguo tu. Hakuna damu wala kisu, na hakuna mkono ambao hakimu angeweza kuunyooshea kidole. Mimi nafanya kazi na waandishi wanaopenda damu. Nawaonesha hili gunia.

Kwa msomaji wa huku kwetu kuna la ziada. Mambéty alitaka filamu iwe ya bara zima, kwa hiyo tembo aliwatafuta kwa Wamasai wa Kenya, na fisi aliwatoa Uganda. Na alipoulizwa fisi ni nani hasa, alisimulia jinsi mnyama huyo anavyomfuata simba mgonjwa msimu baada ya msimu, akisubiri siku ya kumla kwa raha zake, kisha akasema hayo ndiyo maisha ya Benki ya Dunia katika Afrika. Mwaka 1994, miaka miwili baada ya filamu, faranga ya CFA, sarafu ya Senegal na nchi jirani kadhaa, ilishushwa thamani kwa nusu. Waliokuwa watu wazima Tanzania miaka ya 1980 hawahitaji maelezo marefu. Wanakumbuka foleni za sukari na sabuni, wanakumbuka mkanda ulivyofungwa, na wanakumbuka ghafla "ruksa" ya Rais Mwinyi, ya kufungua biashara, ilivyojaza maduka vitu ambavyo wengi hawakuwa na hela ya kuvinunua. Friji zinazoingia Colobane zinawafanya wacheke kicheko ambacho vijana hawakielewi.

Sasa nenda Ubelgiji. Ndugu wawili, Jean-Pierre na Luc Dardenne, wamepiga picha karibu maisha yao yote Seraing, mji wa viwanda vya chuma ulio kando ya mto Meuse, ambako viwanda vilizimika na watu wakabaki. Mwaka 2014 walitoa Deux jours, une nuit, "Siku mbili, usiku mmoja". Sandra, anayeigizwa na Marion Cotillard, alikuwa mgonjwa wa sonona, amepona kiasi, anataka kurudi kazini kwenye kampuni ndogo ya paneli za sola. Mwajiri ameona kwamba kazi inakwenda bila yeye. Akawaambia wafanyakazi 16 wachague: Sandra arudi, au kila mmoja apate bonasi yake ya euro 1,000. Walichagua bonasi. Ijumaa anaahidiwa kwamba kura itarudiwa Jumatatu, kwa siri, na ana wikiendi ya kwenda mlango kwa mlango.

Elfu moja. Umeambiwa mwanzoni kabisa, na filamu nzima inatembea juu ya namba hiyo. Uzuri wake ni kwamba haibaki ile ile. Nyumba hii ni mwaka mzima wa gesi na umeme. Ile ni masomo ya mtoto. Nyingine ni ukarabati wa baraza nje ya nyumba, na hapo unataka kumdharau mwenye baraza, mpaka unapomwona mume anavyomfokea mkewe na unaelewa kwamba baraza ndiyo kitu pekee walichobaki kukubaliana. Kuna kijana anaitwa Timur, Sandra anamkuta anafundisha watoto mpira. Anaanza kulia kabla Sandra hajamaliza sentensi. Amekuwa akijilaumu tangu ile kura ya kwanza. Angalia kwamba Sandra naye hana ujasiri wa kishujaa: anarudia maneno yale yale mlangoni, karibu kama kaseti, na wewe mtazamaji unachoka naye, kama anavyojichoka mwenyewe. Ndugu Dardenne wanaijua aibu ya kuomba. Aliyewahi kuzungusha kadi ya mchango wa matibabu ataitambua ile namna ya kusimama mlangoni, nusu umegeuka, tayari kuondoka.

Kura inatoka nane kwa nane. Haitoshi. Kisha bosi anamwita ofisini na zawadi: nitakurudisha, subiri tu mkataba wa muda wa mwenzako uishe, sitauongeza. Mwenzako huyo ni Alphonse, kijana Mwafrika, yule aliyempigia kura Sandra huku akijua msimamizi anaweza kumkatia mkataba kwa hilo. Sandra anajibu kwa ufupi na kutoka. Uamuzi wote unachukua sekunde chache. Unaweza kuwa mfupi kwa sababu wikiendi nzima tumekwishaoneshwa mtu mmoja ana thamani gani kwa wenzake, kwa euro, mlango kwa mlango.

Nawajua wanaosema filamu za namna hii ni za Wazungu wenye nafasi ya kuwa waadilifu, kwamba Sandra ana bima na posho na sisi hatuna. Kuna ukweli. Lakini hebu tazama tena: hakuna mtu katika filamu ile aliyechagua mchezo. Kura iliandaliwa na mwenye kampuni, ambaye angeweza kabisa kuamua mwenyewe na kubeba lawama mwenyewe. Ramatou alifanya vile vile. Mwenye pesa anaweka mezani kitita na mtu mmoja, kisha anakaa pembeni kutazama maskini wakipimana uadilifu. Mwandishi wa kwetu anayetaka kuandika juu ya ufisadi wa kata au mgawo wa misaada angefaidika sana kumtafuta huyo anayekaa pembeni. Mara nyingi hayumo kabisa kwenye muswada.

Baba wa yote haya ni Ladri di biciclette ya Vittorio De Sica, Italia, 1948, na kwa kuwa imeandikwa sana nitachukua shoti moja tu. Antonio amepata kazi ya kubandika mabango Roma, lakini lazima awe na baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Mkewe Maria anavua mashuka kitandani, anayapeleka duka la rehani. Karani anapokea kifurushi, anakibeba hadi kwenye rafu, anaanza kupanda. Kamera inapanda pamoja naye. Rafu imejaa vifurushi vya mashuka ya watu wengine, hadi juu kabisa, na yeye anaendelea kupanda. Baadaye baiskeli ikishaibwa na Antonio akafikia hatua ya kuiba ya mwenzake, mbele ya mwanawe, wewe unakumbuka ile rafu. Unajua ni mji mzima uliolala bila mashuka. Aliyeibiwa anamtazama mtoto, anasema basi, mwacheni aende. Lamberto Maggiorani, aliyeigiza Antonio, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani kweli.

Nirudi kibandani. Filamu ya Fisi ilipoisha hakuna aliyepiga makofi, na wawili watatu waliuliza kama kesho kuna mechi. Nikawa nakunja waya. Yule mama wa genge alibaki amekaa kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Mwalimu," akasema, "na vile viatu? Nani alikuja kulipa?"

Nikamwambia filamu haioneshi.

"Haiwezi kuonesha," akasema mwenye kibanda kutoka mlangoni, huku anahesabu miambili miambili za kiingilio. "Mwenye daftari si ndiyo mmeshamla?"