Nani aliyeshika daftari?

Kila ikifika Julai simu yangu hujaa ujumbe: "Mwalimu, nataka kuomba MBA nje, nianzie wapi?" Wengi ni watu wa benki na mahoteli hapa Unguja, wengine wa wizarani, na siku hizi nawapata na wa Pemba wanaoshughulika na karafuu na mwani. Shahada hiyo ya uzamili ya biashara niliisoma mwenyewe, nikarudi nyumbani, na tangu hapo nawaandaa waombaji. Hata chuo nilichosoma huniomba niwahoji waombaji wa ukanda wetu kwa niaba yake. Nimekaa pande zote mbili za meza, basi, na kinachowaangusha watu wetu nimekiona mara nyingi. Kiingereza wanakiweza, hesabu wanaziweza. Kinachowaangusha ni adabu.

Tumelelewa kwamba mtu hajisifu. Ukifanya jambo la maana unasema "tulifanya", "tulijaaliwa", "wazee walitushika mkono", na walio karibu nawe wanajua nani aliyebeba mzigo. Malezi hayo nayapenda na simwambii mtu ayatupe. Lakini anayekuhoji hakukulia mtaani kwenu. Akisikia "tulifanya" nusu saa nzima, anaondoka hajui wewe ulifanya nini. Yalinifika na mimi. Mara ya kwanza nilipohojiwa niliulizwa mara tatu, kwa maneno tofauti, kazi yangu hasa ilikuwa ipi, na mara tatu nikajibu kwa "sisi". Sikuchukuliwa.

Alinijia kijana mmoja wa Wete, mhasibu ofisini Chake Chake, ambaye msimu wa karafuu huchukua likizo akamsaidie ami yake. Tukakaa barazani tufanye mahojiano ya mazoezi. Nikamwambia, nieleze wakati ulipoongoza watu. Akajibu: "Tulisimamia uchumaji wa karafuu za familia, alhamdulillah tukavuna vizuri." Akanyamaza.

"Wachumaji wangapi?"

"Ishirini na wawili."

"Mnawalipaje?"

"Kwa pishi, mwalimu."

"Nani aliyeshika daftari?"

Akainamisha macho. "Mimi."

Wiki iliyofuata alikuja nalo. Daftari la skuli, jalada limeingia madoa ya mafuta ya karafuu, ndani mistari kaipiga kwa rula: jina la mchumaji, pishi za mbichi, siku zilipochambuliwa kutoka kwenye vikonyo, siku zilipoanikwa, kilo kavu zilizofika kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na daraja zilizopewa. Karafuu ikikauka hubaki kama thuluthi ya uzito wake, hilo kila mtu Pemba analijua. Alichokiona yeye kwenye mistari ile ni kwamba mizigo iliyoshushwa daraja ilikuwa ya siku zile zile ambazo uchambuaji ulilala. Watu walirudi shamba jioni wamechoka, karafuu zikabaki zimerundikwa magunia usiku kucha, zikapata joto, na zilipoanikwa kwenye majamvi zikatoka zimepauka na kusinyaa. Akamwomba ami yake uchumaji usimamishwe alasiri, ili uchambuaji umalizike usiku ule ule. Ami alikataa. Alikuwa akichuma karafuu kabla kijana hajazaliwa, na kupoteza saa mbili za kuchuma mvua ikiwa karibu aliona ni hasara tupu. Kijana hakubishana naye mbele ya watu. Alisubiri baada ya sala ya isha, akafungua daftari, akamsomea siku moja moja. Ami akakubali kujaribu juma moja, kisha msimu mzima.

Na haya yote yeye aliyaita "tulivuna vizuri"!

Ndani ya kisa kile mna kila anachokitafuta mhojaji: mtu aliyeona tatizo, akalifuata kwa hesabu, akamshawishi mkubwa wake bila kumvunjia heshima, akaona matokeo. Nilimwelekeza kitu kimoja tu, viambishi vyake. Niliandika, nililinganisha, nilimsomea ami. Tulichuma, tulichambua, tulianika. Umoja kwa kazi ya mkono wako, wingi kwa kazi ya wengi. Mwenye kusema hivyo hajajisifu, ametoa ushahidi.

Adabu hiyo hiyo hujificha kwenye barua za wadhamini, wale wanaokushuhudia mbele ya chuo. Fomu inayotumiwa na vyuo vingi humtaka mkubwa wako wa kazi aeleze ushauri mzito kuliko wote aliowahi kukupa ili ujirekebishe, na ulivyoupokea. Wakubwa wetu hapo husita, wakaandika kwamba mfanyakazi huyu hana dosari, wakidhani wamekusitiri. Chuo kinasoma kwamba mkubwa huyu hakujui. Kaa naye mapema, mkumbushe ile ripoti aliyokurudishia, mwambie haitakuharibia. Akikwambia "andika mwenyewe nitatia saini", kataa kwa upole. Vyuo vinakataza jambo hilo waziwazi, na lugha ya barua ikifanana na ya insha yako hugunduliwa. Mpelekee ukurasa mmoja wa kumbukumbu za kazi mlizofanya pamoja, aandike yeye.

Kwenye insha ya "kwa nini MBA" nakuomba jambo moja: usiishie kwenye "uchumi wa buluu", yaani uchumi wa bahari. Neno ni zuri, ila kila mwombaji wa Zanzibar analo. Ingia ndani yake. Akina mama wa Paje na Jambiani wanauza mwani mkavu unaosafirishwa nje kwenda kutolewa karajini, kitu cha kugandishia vyakula, na bei wanaipokea tu. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi, hufa maji yakipata joto. Kama kazi yako benki ni mikopo, andika kwa nini kikundi cha kusaga mwani kilishindwa kupita kwenye masharti yenu, na unataka kujifunza nini ili masharti hayo yaandikwe upya. Hapo msomaji ataweka kalamu chini akusome.

Mitihani nisiirefushe. GMAT ya sasa, mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja, alama zake ni kuanzia 205 hadi 805 na hudumu miaka mitano. Vyuo vingi hupokea na GRE, mtihani wa shahada za juu kwa jumla, chagua unayoiweza. Matokeo ya IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka miwili tu, usiyafanye mapema mno.

Nisichoweza kukipita ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha kidato cha nne kinasema Hamisi, pasipoti ina majina matatu na cheti cha chuo mawili. Siku ya mtihani jina ulilojisajili nalo lazima lilingane na la kitambulisho, herufi kwa herufi. Tengeneza hati ya kiapo au ya kubadili jina sasa hivi, maana Septemba raundi za kwanza za maombi zinafungwa. Na GPA yako, wastani wa alama za chuo, kama ni ya kipimo cha 5 iache kama ilivyo, usiigeuze mwenyewe kuwa ya kipimo cha 4.

Ukiitwa kuhojiwa, jua unaitwa wapi. Harvard anayekuhoji amesoma faili lako lote, na mnakaa nusu saa. INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa, kwa kawaida hukupeleka kwa wahitimu wake wawili. Wharton, cha Marekani, hukuweka na waombaji wenzako mjadili mada pamoja, na hapo baraza zetu zinatusaidia, kwani tunajua kusikiliza. Ila usimsubiri kila mtu amalize ndipo useme.

Saa nazo. Mwombaji mmoja niliyemwandaa aliandikiwa saa 9:00 kwa saa za Boston, Marekani, yaani saa tatu asubuhi ya huko, akaingia saa tisa yetu ya mchana, akakuta hakuna mtu. Mahojiano yalikuwa saa kumi na moja jioni yetu, na ilipofika alikuwa ameshakata tamaa, yuko kwenye daladala. Boston iko nyuma yetu kwa saa saba majira ya joto na saa nane kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba, na mahojiano ya raundi ya kwanza huangukia pande zote mbili za tarehe hiyo. Andika saa zote mbili kwenye karatasi uibandike ukutani, simu ijae chaji na bando, umeme ukikatika uendelee.

Mwisho utaulizwa kama una swali. Wetu wengi hushukuru wakasema hawana, wakiona ni usumbufu. Yule kijana wa Wete alikuwa nalo. Alimwuliza mhojaji, mhitimu aliyerudi kwao kuendesha biashara ya familia, aliwaambiaje wazee wake jambo la kwanza alilotaka kulibadilisha. Aliniambia walizungumza dakika kumi na tano kupita muda.